Koilova au Mifuko ya Hewa: Swali Liko Kwenye Sentimita

Ukaguzi wa magari nchini Japani, ule unaoitwa shaken, unataka gari dogo liwe na nafasi isiyopungua sentimita 9 kati ya tumbo lake na lami. Vijana wa kule wanaopenda magari ya chini hulishusha gari mpaka likaribie namba hiyo, kisha wanakaza nati. Baadhi ya magari hayo, Altezza, Mark II, Chaser na Impreza WRX, hupanda meli baadaye na kushuka Dar es Salaam au Mombasa yakiwa bado na koilova zilizofungwa huko, na bado yako kwenye kimo kilekile. Siku ya kwanza barabarani yanakutana na tuta.

Tuta la kitabuni asili yake ni maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, ambayo mwaka 1973 ilitoa ripoti ya tuta lenye mgongo wa mviringo, urefu wa mita 3.7 na kimo cha hadi sentimita 10. Ukilisikia hivyo utadhani gari la sentimita 9 haliwezi kulivuka. Linaweza. Kutoka gurudumu la mbele la Altezza hadi la nyuma ni mita 2.67, kwa hiyo gari likiwa katikati ya tuta, tairi zote nne zimekwishapanda juu ya miteremko yake. Kilele kinaingia chini ya tumbo kwa kama sentimita 5 tu. Tuta linalokwangua bampa na kupasua sampo ni lile jingine tunalolijua sote: fupi, halifiki mita moja kwa upana, limemwagwa jioni moja baada ya ajali na halikupimwa na mtu. Hilo linaingia chini ya gari kwa kimo chake chote.

Hapo ndipo ubishi wa gereji unapoanzia. Mmoja anasema gari la namna hii lifungwe mifuko ya hewa, libonyezwe kitufe, lipande, livuke, lishuke tena. Mwingine anasema hewa ni ya mabasi na ya wazee, gari la kasi ni koilova basi. Nimeufuatilia ubishi huu Ilala na Industrial Area ya Nairobi, na karibu kila mara unapimwa kwa swali la nani yuko chini zaidi. Naona swali hilo linawapotosha wote wawili. Gari litashika kona, na bado litambeba abiria bila kumuumiza mgongo, kama gurudumu lina nafasi ya kutosha ya kupanda na kushuka kabla shokapu haijafika mwisho wake. Kila sentimita unayoikata ili gari lipendeze likiwa limeegeshwa, unaikata kwenye nafasi hiyo.

Tuanze na koilova, yaani springi na shokapu zilizounganishwa pamoja. Springi kuizunguka shokapu si jambo la ajabu. Magari mengi yanatoka kiwandani hivyo. Kilichoongezwa na watengenezaji kama Tein na Cusco wa Japani, au BC Racing wa Taiwan, ni mwili wa shokapu uliochongwa hesi, pete za kupandisha na kushusha, na kwa seti nyingi kitasa cha juu cha kuchagua ukali wa shokapu kwa kukihesabu mlio kwa mlio. Seti nzuri zina pia mguu wa chini unaojifungua: unalibadili gari kimo kwa kuuzungusha mguu, bila kuigusa springi wala kuipunguzia shokapu nafasi yake.

Ipo imani moja inayowaharibia watu pesa: kwamba ukiikaza pete ya springi, springi inakuwa ngumu. Springi ya kawaida, yenye waya wa unene mmoja na mizunguko iliyopangana sawa, ina ugumu iliozaliwa nao. Ugumu huo unatokana na unene wa waya, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko, na mwenye sauti kubwa hapo ni unene. Ongeza unene wa waya kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa asilimia 46. Pete haibadilishi lolote kati ya hayo. Inachofanya ni kulipandisha gari, au kuila nafasi ambayo gurudumu lingeitumia kuning'inia ndani ya shimo. Gari lililokazwa pete kupita kiasi huruka tairi kwenye mashimo madogo, na dereva akalitafsiri hilo kuwa ugumu wa kimichezo.

Ugumu wenyewe unapimika kwa hesabu ya darasani. Chukua kona moja ya Impreza yenye uzito wa kilo 300 juu ya springi. Ukiweka springi ya kilo 8 kwa milimita, ambayo ni ya kawaida kwenye seti za Kijapani, uzito huo unaibana milimita 37.5 gari likiwa limesimama. Ukiweka ya kilo 4, inabanwa milimita 75. Kutoka hapo unapata kasi ya mdundo wa gari: ile ya kilo 8 inadunda kama mara 2.6 kwa sekunde, ile ya kilo 4 mara 1.8. Gari la familia hudunda kati ya mara 1 na mara 1.5, gari la kimichezo la kiwandani kati ya 1.5 na 2. Ukizidi mara 2 umeingia kwenye hesabu za gari la uwanja wa mbio, mahali ambapo lami imelazwa kwa uangalifu na hakuna mwenye kubeba watoto nyuma. Springi ya kilo 8 ni nzuri kwa kazi iliyotengenezewa. Barabara ya Morogoro na ile ya Mombasa zina malori yaliyokwishakunja lami ikawa mifereji, na humo tairi la gari la mara 2.6 linatumia muda mwingi likigusa ardhi nusu nusu. Tairi lisilogusa ardhi haligeuzi gari wala halifungi breki.

Mhandisi Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda General Motors huko Marekani, alilipima jambo hili kwenye miaka ya 1930 na kuacha kanuni ambayo bado inatumika: mbele ya gari idunde polepole kidogo kuliko nyuma. Tairi za mbele hufika kwenye tuta kwanza, za nyuma baadaye. Nyuma ikiwa na mdundo wa haraka zaidi, inaifikia mbele, na gari linatulia likiwa sawa badala ya kuinamisha pua na kuinua mkia. Ukinunua seti, uliza springi za mbele na za nyuma ni za kilo ngapi na uzito wa gari umegawanyikaje. Muuzaji asiyejua jibu anauza rangi ya springi.

Halafu kuna jambo la kushusha lenyewe, na hapa wenye Subaru wanisikilize. Mbele ya Impreza imebebwa kwa mtindo wa MacPherson, uliopewa jina la Earle MacPherson aliyeubuni kwenye miaka ya 1940: shokapu inasimama kama nguzo, na chini yake uko mkono mmoja unaoshika gurudumu. Gari likiwa kwenye kimo cha kiwandani, mkono huo unakaribia kulala sawa na ardhi. Lishushe sentimita 5, upande wa gurudumu unainuka kuliko upande wa ndani. Kuanzia hapo, kila gari linapolala kwenye kona, tairi la nje linaegemea nje badala ya kusimama wima, na kile kitovu ambacho gari hukilalia kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka. Wenzo kati ya viwili hivyo unarefuka. Matokeo yake ni kwamba gari limekwenda chini na bado linataka kulala zaidi kuliko awali. Mwenye gari anaongeza ugumu wa springi kuuficha ulalo huo, na sasa ana gari linalodunda na lisiloshika. Altezza na Mark II ya JZX100 zina mikono miwili, juu na chini, kwa hiyo zinavumilia kushushwa vizuri zaidi. Kuvumilia huko nako kuna kikomo.

Sasa hewa. Msomaji ambaye hajawahi kuligusa gari la kasi ameshakalia hewa mara nyingi bila kujua. Mabasi mengi makubwa ya mikoani yamebebwa na mifuko ya mpira, na ile sauti ya kupumua basi linaposimama stendi mara nyingi ni hewa inayoachiliwa na breki au na mifuko yenyewe. Baadhi ya Prado za toleo la 120 zina mifuko nyuma. Range Rover ilianza kutumia hewa mwaka 1992. Kabla ya hapo, Cadillac iliiweka kwenye Eldorado Brougham ya mwaka 1957, ikavuja, na wamiliki wengi wakaing'oa na kufunga springi za kawaida. Mercedes-Benz ikaifanya kwa utulivu zaidi kwenye 300 SE ya mwaka 1961 na kwenye 600 ya mwaka 1963.

Uzuri wa hewa uko kwenye tabia yake. Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole, kisha sukuma: mwanzo ni laini, mwisho mkono unagoma. Mfuko wa hewa unafanya hivyohivyo. Kwenye mikwaruzo midogo ya lami unakubali, kwenye shimo kubwa unakaza wenyewe kabla shokapu haijagonga mwisho. Ongeza abiria, ongeza upepo ili kimo kirudi, na ugumu unapanda pamoja na uzito, hivi kwamba mdundo wa gari haubadiliki sana likiwa tupu au limejaa. Springi ya chuma haiwezi hilo. Ndiyo maana basi, ambalo asubuhi linaondoka na abiria wachache na mchana limejaa mpaka mlangoni, linafaidika na hewa kuliko gari jingine lolote.

Gari la kasi lina viti viwili au vinne na uzito wake haubadiliki hivyo. Linahitaji kimo kilekile na ugumu uleule kona baada ya kona, na hapa seti za hewa za kufunga baadaye, kama zile za Air Lift ya Michigan, zina fundo lao. Kwenye mfuko wenye chumba kimoja, kimo na ugumu vimefungwa pamoja. Ukitaka gari lipande, unaongeza presha, nalo linakuwa gumu na gurudumu linapoteza nafasi ya kuning'inia. Ukitaka lishuke, unatoa presha, linakuwa laini wakati huohuo ambapo nafasi ya kupanda imekwisha, na shokapu inakaa juu ya raba yake ya mwisho. Kuna kimo kimoja tu ambapo kila kitu kinakubaliana. Aliyefunga kwa busara anakitafuta kimo hicho, anapima alaimenti hapo, anakihifadhi kwenye kidhibiti, na anaendesha hapo siku zote. Vimo vingine ni vya kuegesha na vya kuvuka matuta. Anayeendesha akiwa kwenye kimo cha kuegesha atajua kwa tairi zake, zitakazolika upande wa ndani mpaka nyuzi zionekane huku upande wa nje ukiwa na maua mapya.

Angalia pia kidhibiti kinasoma nini. Vya bei ya chini vinasoma presha peke yake. Paundi 60 na dereva mmoja ni kimo fulani. Paundi 60 na watu wanne ni kimo kingine. Vya bei ya juu vina vihisio vya kimo kwenye kila gurudumu. Kwa gari litakalokwenda kasi sipendekezi vile vya kwanza. Na kila mfuko uwe na bomba na valvu yake, maana mifuko ya kushoto na kulia ikishirikiana njia, kwenye kona hewa itakimbia kutoka upande uliobanwa kwenda upande wa pili, na gari litalala bila kuzuiwa.

Watengenezaji wakubwa wamelifungua fundo hilo kwa pesa. Mfuko wenye vyumba zaidi ya kimoja unaweza kufunga chumba kimoja, ujazo wa hewa ukapungua na ugumu ukapanda bila kimo kubadilika. Porsche Taycan iliyotoka mwaka 2019 ilikuja na mifuko ya vyumba vitatu. Mwaka 2024 Porsche ilitangaza kuwa Taycan Turbo GT, gari la zaidi ya tani 2 lililobebwa na hewa, limezunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 7.55. Anayesema hewa haiwezi kasi ajibu hilo. Lakini kiwanda hichohicho, kwenye 911, bado kinatumia springi za chuma na shokapu zinazobadilika kwa umeme. Gari jepesi lenye uzito usiobadilika halikuhitaji kompresa.

Kwetu mzigo wa kompresa na vifaa vyake una sura nyingine. Tangi, kompresa, valvu na mabomba vinafikia kilo 20 na kuendelea, vyote ndani ya buti. Hewa ya Dar, Tanga na Mombasa ina unyevu mwingi, na ukiibana unyevu unageuka maji ndani ya tangi. Asiyeyatoa maji hayo mara kwa mara atapata valvu zilizoganda na kutu inayoanzia ndani. Kompresa nazo hazifi zenyewe. Mfuko ukianza kuvuja kidogo, kompresa inafanya kazi muda mrefu kufidia, inachemka, inaungua. Mwenye gari ananunua kompresa mpya na kuacha mfuko ule ule, na mpya inaungua pia. Wenye Prado na Range Rover wanaijua njia hiyo, na wengi wao iliwafikisha kwenye springi za chuma.

Lipo hata jambo la mwinuko. Gari lililojazwa paundi 60 Nairobi, kama mita 1,700 juu ya bahari, likiteremka Mombasa linakaa chini kidogo, kwa sababu hewa ya nje kule chini ni nzito zaidi. Joto la pwani, likizidi kwa nyuzi 10, linalirudishia karibu kiasi hichohicho. Dereva hataona kitu. Asubuhi ya Julai jijini Nairobi, hata hivyo, baridi ikiwa imeshuka nyuzi 12 kutoka mchana uliotangulia, hewa ya mfukoni itakuwa imesinyaa na gari litakuwa limekaa chini kidogo. Kabla ya kumlipa fundi atafute tundu, ngoja jua litoke upime tena.

Tunao mfano mkubwa wa gari la kasi kwenye barabara zetu. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na mashindano hayo yaliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, kambi ikiwa Naivasha, yalirudi na magari yenye springi za chuma juu ya shokapu. Yaani koilova. Tofauti ni kwamba kanuni za magari ya Rally1, zilizoanza mwaka 2022, zinaruhusu gurudumu kusafiri hadi milimita 270, na timu za Safari zinaitaka kila milimita. Zinaliinua gari, zinachagua springi inayoruhusu tairi kuifuata ardhi, na kazi kubwa ya kulidhibiti zinaiachia shokapu ya thamani. Kijana anayebandika stika za Subaru ya McRae kwenye Impreza iliyokatwa springi kwa grinda ameichukua sura ya gari lile na kuliacha lililolishindisha.

Kwa hiyo, ukiniuliza kuhusu gari lako la kasi la kila siku, lile linalopita Mwenge au Thika Road Jumatatu na linalotafuta kona za Lushoto au Limuru Jumapili, nasema koilova: zenye mguu wa chini unaojifungua, springi ya kilo 4 hadi 5 mbele kwa gari la ukubwa wa Impreza, kiti cha juu cha raba badala ya kile cha chuma kinachogonga kila ukigusa kokoto, na gari lishuke sentimita 2, isizidi 3. Seti ya namna hiyo huuzwa karibu dola 1,000 hadi 1,500 kabla ya usafiri na ushuru. Hesi zipakwe grisi na zifunikwe, la sivyo vumbi na chumvi ya bahari vitazikamata na pete haitazunguka tena. Hewa nampendekezea mtu mwenye gari analolipenda likiwa limelala chini kabisa na asiyetaka kuliacha nyumbani kila wiki kwa hofu ya tuta. Atalipa kuanzia dola 3,000 hivi kwa seti kamili, na awe tayari kuitunza kama mashine. Huyo simcheki. Kupandisha gari kwa sekunde chache ukavuka tuta la mtaani bila kuukwaruza mkono wa chini ni faida halisi, na koilova ya kawaida haina jibu lake.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo kisichogharimu. Kama fito ya shokapu yako inaonekana, fungua gurudumu, funga kwenye fito hiyo kamba ya plastiki ya kubania nyaya, ikaze kiasi cha kuteleza kwa shida, uisukume mpaka igote kwenye mwili wa shokapu. Endesha njia yako ya kila siku, na matuta yake yote, na abiria wako wa kawaida. Ukirudi, fungua tena utazame kamba imesukumwa hadi wapi. Ikiwa imezama ndani ya raba ya mwisho, gari lako halina nafasi, na ugumu unaousikia ni wa raba. Lipandishe sentimita moja, urudie.